Alinipa Glavu Nisiharibu Hina

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na sasa ni mwaka wa saba nakaa Woolwich, hapa London, na binti yangu mmoja, Naima. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa jikoni, kwenye meza ileile yalipotokea yote. Sina machozi. Wengi wakinisikia nasimulia hudhani sina uchungu, kumbe uchungu nao ukizidi huchoka... Mnivumilie nikieleza kama mtu anayesoma risiti ya dukani.

Mume wangu, hapa nimwite Bakari, alinioa akiwa tayari na makaratasi yake ya kuishi huku. Ni mlinzi kwenye maduka makubwa kule Stratford. Ni kazi ya kusimama kutwa, watu wanakupita kama nguzo. Hakuwa mlevi wala mhuni, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Nayasema haya mapema kwa sababu mikasa mingi huanza na mwanamume mbaya, na wangu hakuwa mbaya. Alikuwa mtu anayetamani kuonekana, basi.

Mzee mmoja wa Kiingereza aliyefanya naye kazi ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya jiji. Bakari akapenda. Akaomba leseni, polisi wakaja kukagua nyumba na kuuliza maswali yao, kabati la chuma likafungwa ukutani chumbani, ufunguo akawa nao yeye. Kila kitu kilikuwa halali. Jumapili akirudi kutoka huko alikuwa mtu mwingine, anaongea, anacheka, anambeba Naima mabegani. Mke gani angelalamika?

Huko klabu risasi ni ghali, kwa hiyo wengi hujitengenezea. Wakishafyatua huokota yale maganda ya shaba yanayodondoka chini, wakayasafisha, kisha wakayajaza upya. Kujaza Bakari alifanyia kwa yule mzee. Kazi ya kusafisha akaileta nyumbani.

Siku ya kwanza aliingia na ndoo, maganda meusi kwa masizi. Nilicheka. Nikamwambia, kumbe ni shaba tu? Mama yangu alikuwa na masinia na birika la shaba, na kila ikikaribia Idi kazi yangu ilikuwa kuyasugua kwa ukwaju mpaka uone sura yako. Nikaloweka ukwaju, nikayasugua, yakatoka yanang'aa. Bakari alikaa kitandani akiyageuza mkononi kama mtoto aliyepewa peremende.

Baadaye alinunua mashine, kipipa kinachozunguka kwa umeme. Unatia maganda pamoja na chenga za magunzi ya mahindi, yanasuguana humo kwa saa kadhaa, yanatoka safi. Wenzake wakaona, wakamsifu, wakaanza kumpa na yao. Yule Bakari aliyekuwa akikaa kona peke yake sasa alivutiwa kiti, akaitwa kwa jina lake, akamiminiwa chai. Ndoo zikawa zinakuja karibu kila wiki.

Zile chenga za magunzi zikishatumika hugeuka kijivu na kujaa vumbi. Bakari alitaka kuzitupa. Mimi ndiye niliyesema, za nini kutupa? Lete ungo.

Ungo huo alinipa mama siku naondoka Tanga. Niliutumia kupetea mchele na kuchagulia choroko. Mwanamke wa kwetu akiona nafaka ina vumbi hafikiri mara mbili, mikono yenyewe inajua. Nikapeta... Vumbi likaruka, chenga zikabaki ungoni nzuri kabisa. Bakari alisimama mlangoni akinitazama kama amenioa upya.

Mwanzo nilipetea kibarazani. Lakini vumbi lilikuwa likiangukia nguo za Mama Kevin, jirani wa chini, Mkenya anayefanya kazi ya kutunza wazee. Akaja kugonga, akaniambia kwa upole kwamba anafua nguo mara mbili kwa ajili yangu. Niliona aibu. Nikahamia jikoni, nikawa nafungua dirisha na kupeta pale, na Naima amekaa chini miguuni pangu.

Siku moja Bakari alirudi na boksi la glavu za mpira. Nilikuwa nimepakwa hina kwa ajili ya harusi ya rafiki. Nikatabasamu, nikamuuliza za nini. Akaniambia, "Vaa hizi mama Naima, usije ukaharibu hina yako." Jamani, nilijisikia raha! Nilimpigia mama simu Tanga kumwambia mume wangu ananijali mpaka hina.

Hina ilipofifia nikaacha kuzivaa. Nilinde nini tena? Naye hakunikumbusha.

Naima alikuwa anakaribia miaka miwili. Maganda yale yakawa ndiyo midoli yake. Aliyavaa vidoleni, akayagonga mezani. Nikamfundisha kuyapuliza, maana ganda tupu ukiliweka mdomoni linalia kama filimbi. Bakari akamkuta nalo siku moja, akamnyang'anya haraka, akaliweka juu ya friji. Nikamuuliza kulikoni. Akasema atachafua gauni. Alipotoka kwenda kazini nikampa tena mwanangu filimbi yake.

Halafu Naima akaanza kuumwa tumbo. Akakataa chakula. Akawa mtu wa kulia tu bila sababu... Alikuwa na maneno yake machache, "maji", "taka", "baba kuja", na "bye bye" ya kwenye televisheni. Yakaanza kupotea moja moja. La mwisho lilikuwa "maji". Sijui hata ni siku gani aliacha kulisema, ila niligundua kwamba sasa anavuta tu nguo yangu na kuonyesha bomba.

Mama akasema kwenye simu kwamba ni jicho la watu. Nikampaka Naima wanja alionitumia nyusini na kumtia doa kwenye paji la uso, nikafukiza ubani. Haikusaidia.

Mama Kevin ndiye aliyenishtua. Alimtazama Naima kwenye ngazi, akaacha mifuko yake chini. "Dada, huyu mtoto hayuko sawa. Mtoto ameanza kuongea halafu ananyamaza? Wacha hiyo story ya macho. Kesho asubuhi uko kwa GP, na ukiambiwa hakuna appointment, waambie ni urgent na usitoke hapo."

Nikaenda kwa huyo GP, daktari wa mtaa wetu. Wakamtoa damu, na baada ya siku chache wakatupigia tumpeleke hospitali. Daktari akatueleza polepole kwamba damu ya mtoto imejaa madini ya risasi, yale wanayoyaita lead. Ni sumu. Kwa mtu mzima ni mbaya, kwa mtoto mdogo hushika ubongo. Akauliza kuhusu rangi za kuta, mabomba, midoli, viungo vya chakula. Kisha akamtazama Naima usoni akauliza, hiki cheusi ni nini?

Nikamwambia ni wanja, ametuma mama yangu.

Kuanzia hapo kila mtu akawa anaandika. Daktari alieleza kwamba aina fulani za wanja zina madini hayo, wamewahi kuona. Akamgeukia Bakari, akamuuliza kama kuna kitu kingine chochote nyumbani, au kazini kwake, au kitu anachopenda kufanya akiwa mapumzikoni. Bakari akasema hakuna. Kisha akaongeza kwa Kiingereza kizuri, "I always tell her, leave these things from back home."

Hajawahi kuniambia niachane na mambo ya kwetu hata siku moja. Sikumbishia mbele ya daktari. Nilidhani ana uchungu wa mtoto, na mwenye uchungu husema lolote. Tena kukaa kwangu nchi hii kulikuwa juu ya mgongo wake, kwa makaratasi yake.

Nikaamini ni wanja. Jioni ile nilimpigia mama nikamwambia amemuua mjukuu wake. Nilitumia neno hilo hilo, ameua. Simu ikakatika. Mama hakunipigia tena kwa miezi.

Naima alipewa dawa, akarudi nyumbani. Wanja ulikuwa umechukuliwa kupimwa. Na Bakari... akaleta ndoo nyingine. Mashindano ya klabu yalikuwa karibu, wenzake wanamtegemea. Nikaiendesha mashine, nikapeta. Naima yuko miguuni pangu palepale, ila safari hii hachezi, amelala tu kwenye mkeka.

Damu ilipopimwa tena, sumu ilikuwa imepanda. Na majibu ya wanja yakaja. Wanja wa mama yangu ulikuwa safi.

Ndipo alipotumwa dada mmoja wa afya kuja kukagua nyumba. Alikuja na kifaa chake, akapima rangi za milango, akapima maji. Alipofika jikoni akauona ungo ukutani. Akausogelea, akaona ule ukijivu ulioshika katikati ya ukindu, akauliza ni wa nini. Nikafurahi kuulizwa. Nikautungua, nikamwonyesha jinsi ninavyopeta chenga za mashine ya mume wangu, nikarusha mara mbili hewani bila kitu.

Akarudi nyuma mpaka koridoni. Akaniomba niuweke chini taratibu, nimtoe mtoto jikoni.

Akanieleza tukiwa tumesimama palepale. Kila risasi inapofyatuka, ndani ya ganda hubaki masizi yenye ile sumu. Mashine huyatoa masizi yale kuyatia kwenye chenga. Na mimi nilikuwa nayarusha hewani, kisha kwenye ungo uleule nikapeta mchele wa mwanangu. Nilimsikiliza kama anayenieleza habari za mtu wa mtaa mwingine.

Bakari alikuwa amelala, ametoka zamu. Akatoka chumbani kwa zile sauti. Yule dada akamuuliza, huko klabu hawakukuonya? Bakari akainama kuvuta soksi zake. Yule dada akamuuliza mara ya pili.

Akasema, "I told her to wear gloves."

Nilitazama mikono yangu. Hina ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Dada yule alipoondoka nilimuuliza Bakari, ulijua? Akasema yule mzee alimwambia tangu ndoo ya kwanza, usifanyie ndani ya nyumba, usifanyie karibu na mtoto, vaa barakoa. Aliogopa nikijua nitakataa. Na hospitali je, mbona ulisema hakuna kitu? Akasema aliogopa polisi wataitaka leseni. "Nikadhani labda kweli ni wanja," akasema. Alikuwa analia. Mimi sikulia. Niliona tu kwamba amevaa soksi mbili tofauti.

Nikamwambia achague, klabu au sisi. Akasema leseni ile ameihangaikia sana, nisimlazimishe kuamua akiwa na hasira. Akahamia kwa dada yake Croydon. Kabati la chuma alilihamisha kwanza. Nguo alizifuata wiki iliyofuata.

Nilimpigia mama kumwomba radhi. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ungo wake uliochukuliwa ndani ya mfuko uliofungwa. Nilitegemea anilaani. Akasema, "Mwanangu, hata mimi ningepeta."

Sumu imeshuka sasa. Naima ana miaka minne, anasoma kwenye darasa la watoto wanaohitaji msaada. Madaktari hawaniahidi chochote. Ana maneno machache, mengi ya Kiingereza, na "maji" limerudi. Juzi aliokota kifuniko cha kalamu hapa mezani, akakiweka mdomoni, akakipuliza. Kikalia. Akanitazama akisubiri nicheke kama zamani. Nikajaribu...

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaoishi ugenini, nawaomba kitu kimoja. Siwaambii mwogope bunduki wala klabu, walio na busara huko wapo na walionya. Nawaambia msipokee upendo nusu. Mtu akikuletea glavu, mshukuru, lakini muulize anakukinga na nini. Akikujibu ni hina, muulize tena. Mimi niliuliza mara moja tu, tena nikatabasamu.