Gasketi ya Kitabu cha Sala

JUMAMOSI, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni pale Nyakanazi kilinuka dagaa na mafuta ya taa. Watu wanne, meza moja. Mlango ulikuwa na komeo, dirisha limezibwa kwa gunia.

Ndassa alichora kwa mkaa juu ya meza.

"Hii ndiyo yadi ya serikali, Biharamulo. Hapa lango. Hapa anakaa mlinzi, mzee Nshoma. Huku nyuma ni seng'enge tu." Akaweka alama. "Kesho saa sita watu wako kanisani au wanakula. Restituta anamtoa mzee. Nahimana anakata waya. Fundi anawasha gari. Mimi nina barua."

Barua ilikuwa na muhuri. Ulikotoka muhuri, hakuna aliyeuliza.

"Na saa nane kamili," akasema, akagonga meza kwa kidole, "tuwe tumeshalificha msituni, ng'ambo ya mlima wa Nyakahura."

Hilo halikuhitaji maelezo. Mwaka ule wa 1980, Jumapili ikishafika saa nane mchana, gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani. Nchi ilikuwa inabana mafuta. Gari likionekana linatembea baada ya hapo, ama ni la serikali, ama lina kesi.

"Jumatatu asubuhi tunatoka kama watu wengine hadi Kabanga, mpakani. Safari mbili za kuvusha kahawa yangu kwenda Burundi, halafu gari ni lako, fundi. Mungu ananiona."

Ndassa alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe kumi, akaona magendo yanazaa haraka kuliko ng'ombe. Kiunoni, ndani ya leso, alificha bastola iliyobaki vitani.

Fundi aliitwa Celestini, Mhangaza wa Bukiriro. Katika wale wanne ndiye pekee ambaye hakuwahi kuiba hata yai. Na kesho yake alikuwa anakwenda kuiba gari lake mwenyewe.

"Nahimana, mbona umenyamaza?" Ndassa akauliza.

Nahimana alikuwa ameegemea ukuta. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa amevaa kiatu kimoja, baba yake na kaka zake wawili wamebaki ng'ambo, na hawakubaki wazima. Tangu hapo alifanya kazi na Celestini, bega kwa bega, chini ya magari ya watu.

"Nyinyi mkikamatwa mnafungwa, mnatoka," alisema. "Mimi nitavushwa Kabanga. Na kule wananijua."

"Basi usiende," Celestini akamwambia.

"Nani atakukatia waya? Wewe mikono yako inajua spana tu."

Restituta, muuza pombe ya ndizi, ndiye aliyecheka. Wengine hawakucheka.

JUMAPILI, SAA SITA KASORO ROBO

Waliingia mjini Biharamulo kwa miguu, kila mtu na njia yake. Celestini alibeba kikapu cha ndizi. Chini ya ndizi kulikuwa na betri, na mgongo ulikuwa unamuuma kweli kweli.

Alijua anachokwenda kukikuta. Pikapu ya Peugeot 403 ya mwaka hamsini na saba, rangi ya majivu. Mwaka sitini na tisa yeye na kaka yake Idefonsi waliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imelala nyuma ya kanisa, na kuku walitagia kwenye viti. Watu wa Bukiriro walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndugu wawili, mbuzi wote wameuzwa, wamenunua banda la kuku lenye usukani.

Miaka miwili waliitengeneza. Bushi walizichonga, waya walizishona upya mmoja mmoja, na siku ilipounguruma mara ya kwanza Idefonsi alikaa chini akalia mbele za watu. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa waliiteremsha mtoni, wakaiosha, wakaipaka mafuta kwenye milango, halafu wakaendesha polepole bila kwenda popote, kusikiliza injini tu. Mama yao, Genoveva, alisema wanawe wameoa mke mmoja wa chuma. Wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walipohamishwa, pikapu ile ilibeba mabati, wagonjwa na vifaranga vya nusu ya kata, na haikumwangusha mtu njiani.

Vita vilipokuja, magari yalichukuliwa. Agizo lilitaka gari pamoja na dereva. Kadi ya gari ilikuwa na jina la Idefonsi, basi akaenda yeye. Mama yao akampa kitabu chake cha sala, chenye jalada jeusi na mstari wa dhahabu pembeni.

"Nitalirudisha na plagi zake zote nne," Idefonsi alisema.

Amin akakimbia, wanajeshi wakarudi, ngoma zikapigwa. Idefonsi hakurudi. Haikuja barua ya kifo wala salamu. Mama Genoveva alikufa akiwa bado anamwekea chakula. Ndipo Nahimana alipoiona pikapu yadini Biharamulo, kati ya mabovu yaliyongoja mnada. Celestini alikwenda ofisini mara nne. Kadi si jina lako, walimwambia. Mwenye kadi aje mwenyewe.

Hasira ya jibu hilo ndiyo iliyompeleka kwa Ndassa.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI

Waya ulikatika. Wakaingia.

Restituta alikuwa ng'ambo ya barabara na mzee Nshoma, kibuyu katikati yao na nyama ya mbuzi kwenye jani la mgomba. Sauti yake ya kicheko ilifika mpaka yadini. Kazi nzuri.

Celestini aliinua boneti, na mikono yake ikasimama.

Kila fundi ana mkono wake, kama mtu alivyo na mwandiko. Mpira wa maji ulikuwa umefungwa kwa waya, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani ili isimkwaruze mtu. Hakuna mwingine duniani aliyekunja hivyo ila Idefonsi. Akainama zaidi. Kwenye pampu ya maji, pale vyuma viwili vinapokutana, gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia uvujaji, ilikuwa imechomoza kidogo. Nyeusi. Pembeni ilikuwa na mstari wa dhahabu.

Jalada la kitabu cha sala. Huko vitani, mahali fulani, pampu ilivuja na hapakuwa na kitu cha kukata gasketi. Idefonsi akakata alichokuwa nacho.

"Fundi," Ndassa akanong'ona. "Unasali?"

Celestini alikuwa analia. Alimimina oili kwenye matundu ya plagi, akafunga betri, akaweka petroli ya dumu alilobeba Nahimana, akatia maji. Akazungusha kwa hendeli mara ishirini taratibu ili oili ienee. Akapiga stata.

Iliwaka. Baada ya zaidi ya miezi kumi juani na mvuani, iliwaka.

"Twende," Ndassa akasema.

"Bado. Iache ipate joto."

"Nini?"

"Injini imelala muda mrefu. Ukiikanyaga baridi unaila. Dakika kumi."

"Mwanawane, tunaiba!"

Nahimana alimtazama rafiki yake, akaelewa kwamba hapo hakuna atakayemwondoa. Akapanda nyuma, akajifunika turubai. Mwizi gani anangoja injini ipate joto? Yule tu anayependa. Na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Dakika ya saba, mzee Nshoma akatokea langoni, mdomo una mafuta ya mbuzi. Nyuma yake Restituta alichukua kibuyu chake, akaondoka zake. Celestini akafunga boneti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mnaliwasha?"

"La mnada hili, mzee. Tumetumwa kulipeleka." Ndassa akapunga barua.

"Jumapili?" Mzee aliutazama muhuri, akamtazama Celestini. "Na wewe kijana unalia nini?"

"Moshi, mzee."

Nshoma akafungua lango. Lakini hakurudi kwenye nyama yake. Alisimama palepale akiwasindikiza kwa macho mpaka walipokata kona.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI

Kizuizi cha Lusahunga. Mgambo aliisoma barua akiwa ameishika juu chini, akainua mti.

Baada ya hapo barabara ya vumbi ikawa yao peke yao. Kwa dakika chache Celestini alisahau ana nani pembeni. Gia ya usukani iliingia laini. Kiti kilikuwa bado na shimo la makalio ya Idefonsi. Aliendesha kama zamani, sikio moja kwenye injini, na kidogo aliona raha, raha iliyomchoma.

"Kanyaga," Ndassa akasema.

"Inatosha hii."

"Nimesema kanyaga. Umetuchelewesha."

Celestini akakanyaga.

SAA NANE KASORO DAKIKA KUMI

Mlima. Mshale wa joto ulianza kupanda kabla hata ya kona ya kwanza. Harufu ya maji yaliyoungua ikaingia ndani. Jalada la kitabu halikukatwa kwa ajili ya mlima ule, wala mwendo ule.

Nahimana aligonga kioo cha nyuma. "Endelea! Kilele kile pale! Likifika juu litaserereka lenyewe mpaka msituni!"

Alisema kweli. Ilibaki kilomita moja. Gari lingefika juu, lingeteremka, nao wangekuwa salama. Lakini lingefika limekufa. Kichwa cha injini kingepinda, gasketi ingeungua ikawa majivu, na kazi ya mwisho ya mikono ya Idefonsi ingeishia hapo.

Mshale ukagusa nyekundu.

Celestini akasimamisha gari.

Bastola ikatoka kwenye leso. "Endesha."

"Lipoe kwanza. Dakika kumi."

"Nitakupiga risasi juu ya usukani wako."

"Piga. Halafu utaendesha wewe?"

Nahimana aliruka chini, akaja mlangoni. Hakumtazama Ndassa. Alimtazama Celestini kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Angeweza kuondoka. Msitu ulikuwa pande zote, na miguu yake iliwahi kumwokoa.

"Nipe debe," akasema. "Kuna kijito bondeni."

"Nahimana, wewe ungetangulia tu..."

"Nipe debe, mwana wa mama."

Akateremka na debe, nyasi zikamfunika.

SAA NANE NA DAKIKA TANO

Landrova ilitoka upande wa Lusahunga, ikipanda bila haraka. Mzee Nshoma alikuwa ameketi mbele pamoja na polisi. Walikuta watu wawili na pikapu inayofuka moshi, Jumapili, baada ya saa nane.

Ndassa alikuwa ameshaitupa bastola majanini. Alishuka huku mikono iko juu na barua kati ya vidole.

"Afande, afadhali mmekuja. Mimi niliomba lifti tu. Wezi ni huyu na mkimbizi wake mmoja, ameingia bondeni pale."

Aliyasema haraka, kama aliyekuwa ameyaweka tayari tangu Nyakanazi.

"Mwongo," Celestini akasema. "Niko peke yangu. Gari ni la kaka yangu."

"Kaka yako yuko wapi?"

Celestini aligeukia boneti iliyokuwa inafuka.

Nyasi zikatikisika. Nahimana alikuwa anapanda na debe begani, ameinamisha kichwa kwa uzito. Celestini alimtikisia kichwa. Rudi. Nahimana aliinua macho, akaiona Landrova, akaiona mikono ya Ndassa, akauona na mvuke unaotoka kwenye boneti. Nafasi ya kukimbia alikuwa nayo. Lakini debe lilikuwa limejaa, na ameshapanda nalo bonde zima. Alipiga hatua mbili zaidi, na hizo mbili zikatosha.

"Wewe. Kitambulisho."

Hakuwa nacho. Alipofungua mdomo, Kirundi kilisikika ndani ya Kiswahili chake.

"Huyo alinisaidia maji tu, afande," Celestini akasema. "Maji tu. Namsihi."

Polisi hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichokiona.

SAA TISA ALASIRI

Hakuna mwingine aliyeweza kuiendesha ile pikapu, basi walimwamuru Celestini airudishe mwenyewe, polisi mmoja pembeni na Ndassa nyuma kwenye turubai, amefungwa kamba. Barua yake haikumsaidia. Kabla ya kutoka Biharamulo polisi walikuwa wamembana aliyeuza muhuri, naye alikuwa ameshataja jina.

Celestini alitia kwenye rejeta maji aliyoteka Nahimana, polepole, hadi tone la mwisho. Akaangalia gasketi. Mstari wa dhahabu ulikuwa pale pale. Akapiga stata, na mshale ukashuka, ukatulia mahali pake. Injini ilikuwa nzima.

Nahimana alipakiwa kwenye Landrova. Yeye hakuwa wa Biharamulo. Landrova ilikuwa inaendelea mbele, Ngara, halafu Kabanga. Walimruhusu kusimama kidogo kwenye dirisha la pikapu, mikono imefungwa mbele.

Celestini aliishika ile mikono iliyofungwa. Alimtoa sadaka mtu aliye hai kwa ajili ya karatasi nyeusi iliyokatwa na marehemu, na alilijua hilo tangu mguu wake ulipogusa breki.

"Nisamehe," akasema.

Nahimana aliinamisha sikio kwenye boneti, kama alivyofundishwa miaka minane nyuma.

"Linaunguruma vizuri," akasema. Kisha, walipokuwa wanamvuta, akageuka. "Ukifika usilizime ghafla. Liache lipumue kwanza."

Landrova ikaondoka. Celestini alikaa na mikono kwenye usukani. Polisi wa pembeni akamwambia waende, akamwambia tena, halafu akamtazama usoni, akaegemeza mgongo kitini.

Aliiacha injini inaunguruma hadi vumbi la Landrova lilipoisha juu ya mlima. Ndipo akaingiza gia.