Nilizikwa Chini ya Mabelo ya Nguo za Baridi

"Ongeza jingine!"

Hiyo ni sauti ya mume wangu.

Alikuwa anamwambia mtu aongeze belo, robota zima la mtumba, juu ya mwili wangu... na mimi niko hai, nasikia kila kitu!

"Twaha, atakufa..."

"Nimesema ongeza! Huyu bado anaguna."

Na aliyekuwa anambembeleza ni Severa. Severa wangu! Niliyemwajiri hana hata pa kulala Dar, tukala sahani moja, mpaka kwao Masasi nikaenda baba yake alipofariki, nikalala mkekani na dada zake.

Nikasikia belo linaburutwa. Nikamsikia Severa anahema.

Kisha... puu!

Mbavu zangu zikavunjika kama kuni kavu.

Ngojeni niwasimulie tangu asubuhi, na msinikatishe, maana nikiikumbuka siku ile bado nataka kumpiga mtu.

Naitwa Sitara. Nauza nguo za baridi za mtumba Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Najua mnacheka. Bongo na joto hili, nani ananunua koti la theluji? Wapo! Wanaobeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, wanafunzi wanaokwenda Ulaya, na watu kama Marcelino.

Marcelino ni fundi pikipiki wa mtaa wa Gerezani. Alikuwa amepata kazi nje, kwenye hoteli ya milimani ambako watalii wanaendesha pikipiki za kwenye theluji. Zipo jamani, sitanii! Hazina matairi. Mbele zina miguu miwili ya kuteleza, nyuma mkanda kama wa katapila. Wanaingia nazo huko porini kusikokuwa na barabara wala mtandao, na kuna wakati theluji inaporomoka mlimani inamfukia mtu mzima mzima.

Kwa hiyo alikuja kwangu nimpangie begi la kujiokolea.

Begi lenyewe nililikuta ndani ya belo. La mgongoni, rangi ya chungwa. Ndani lina mfuko mkubwa wa hewa umekunjwa, na mtungi mdogo wa gesi. Ukivuta mpini mwekundu ulioko begani, mfuko unavimba, theluji inakubeba juu juu badala ya kukumeza.

"Usiuguse huo mpini, utaniharibia biashara," nikamwambia.

"Sista, hiyo gesi itakuwa iliisha tangu kwa mzungu."

Tukaanza kupanga. Nikaweka koleo la kukunja, na fimbo nyembamba ndefu ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa. Nikaweka blanketi la karatasi ya fedha, lile Severa alidhani ni la kufungia zawadi za harusi. Kiberiti ndani ya nailoni, taa ya kichwani, soksi kavu. Nilipotaka kuingiza filimbi, Marcelino akanishika mkono.

"Hiyo hapana, sista. Hiyo naivaa shingoni."

"Kwani begini italiwa na panya?"

"Nimeona kwenye video. Kitu cha kukuokoa hakikai kwenye chombo. Chombo kinaweza kwenda zake, wewe ukabaki. Kinakaa mwilini."

Akaendelea kunifundisha kama mwalimu. Eti ukiona theluji inakuja, weka mkono mbele ya uso, upate ka nafasi ka kupumulia. Nikamwambia huku kwetu kinachoporomoka ni mabelo tu. Tukacheka wote.

Kulikuwa na vifaa viwili vya mwisho, ukubwa wa redio ndogo, na mikanda ya kufungia kifuani. Kimoja kinatuma mlio. Kingine kinautafuta na kuonyesha umebakiza mita ngapi, hata kama mtu amefukiwa. Marcelino akavitia betri mpya, akataka tuvijaribu. Mmoja ajifiche stoo, yeye amtafute.

"Shemeji Twaha, vaa wewe basi."

Twaha akakipokea kile cha kutuma mlio, akakitazama, akakitupa kaunta.

"Mimi siyo ng'ombe wa kufungwa kengele!"

Severa akakiokota. Akaja moja kwa moja kwangu, akanifunga kifuani, ndani ya dera. Akakaza mkanda mpaka nikaguna.

"Dada, usikivue."

"Severa, si mchezo tu huu!"

"Hata iweje dada, usikivue."

Nikacheka. Mjinga mie... nikacheka!

Stoo iko nyuma ya fremu yetu ya duka. Ni ndefu, ina giza, mabelo yamepangwa mpaka karibu na dari, yameegemezewa gogo yasianguke. Marcelino akavaa begi lake mgongoni, akachukua kifaa cha kutafutia, akatoka nje kunywa kahawa ili asione ninapojificha. Mimi nikajipenyeza katikati ya mabelo, nabana kicheko.

Nikasikia hatua.

"Twaha? Toka bwana, unaniharibia mchezo!"

Paaa!

Kofi lilinizungusha. Sikuelewa. Nilidhani nimegonga kitu.

"Leo ndiyo mwisho, Sitara. Hii fremu unaniandikia, huniandikii?"

Fremu ile aliniachia marehemu baba yangu. Alianza nayo ikiwa kibanda cha mabati. Twaha alikuwa anaitaka iwe kwa jina lake tangu hina ya harusi haijafutika mkononi mwangu.

"Kaandikishe ya baba yako!"

Ngumi ikanipata mdomoni. Damu ikajaa. Basi na mimi nikamvaa! Nikamng'ata sikio, nikasikia kabisa meno yangu yanakutana. Akapiga yowe, akanibamiza ukutani mara mbili, taa zikawaka kichwani mwangu.

Hapo ndipo nikamwona Severa. Amesimama mlangoni, mkono mmoja tumboni.

Wanawake wenzangu, mnajua namna ile ya kushika tumbo. Sikuhitaji kuambiwa.

"Severa... mimba ya huyu?"

Akaangalia chini.

Niligeuka nimng'oe macho. Sikufika. Twaha akalipiga teke lile gogo, na mabelo yakaja yote kwa pamoja.

Mkono mbele ya uso! Ndicho kitu pekee nilichokumbuka duniani.

Giza.

Baada ya hapo ndiyo nikasikia lile "ongeza jingine", na Severa akaongeza. Yaani mtu aliyekula ubwabwa wangu!

Nikajaribu kupiga kelele, sauti haitoki, kifua kimebanwa. Nikabaki na ka nafasi ka kiganja mbele ya pua, navuta hewa yenye vumbi na harufu ya nguo za watu wa mbali. Nikasoma shahada kimoyomoyo.

Mara nikasikia sauti ya Marcelino.

"Sista yuko wapi?"

"Kapigiwa simu, kaenda Posta," Twaha akajibu. "Mabelo yameporomoka, wewe rudi kesho."

"Posta?"

Halafu...

Pii... pii... pii...

"Shemeji, mbona hiki kinasema mita sita?"

"Kibovu. Si mtumba huo!"

Pii, pii, pii.

"Mita nne."

"Nimekwambia toka!"

"Mita tatu... Shemeji, kwa nini sikio lako linatoka damu?"

Nikasikia gogo linapiga nyama. Marcelino akalia. Wakaanza kubamizana huku na huku, mara ukutani, mara juu ya mabelo niliyomo. Kumbe Twaha alikuwa anamkaba kwa kamba za lile begi mgongoni. Akashika chochote kilichokuwa begani, akakivuta kwa nguvu zote.

Alikuwa ameshika mpini mwekundu.

BAAAM!

Wanangu, gesi haikuwa imeisha! Mfuko ulivimba kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani. Watu wakadhani bomu. Wabeba mizigo, wauza maji, kila mtu akakimbilia stoo yetu.

Na Twaha alivyo shetani, akawahi kusema.

"Mwizi! Mwizi huyu, kamateni!"

Mnaijua Kariakoo. Neno hilo likitamkwa hakuna anayeuliza la pili. Wakamwangukia Marcelino kwa mateke na ngumi na mbao. Kila pigo nalisikia. Anapiga kelele, "Kuna mtu chini! Kuna mtu!" na hakuna anayemsikiliza. Mtu pekee aliyejua nilipo alikuwa anauawa juu ya kichwa changu, na mimi siwezi hata kukohoa! Nililia, jamani. Nililia machozi yakaingia kwenye vumbi.

Ghafla, yowe la mwanamke.

"Siyo mwizi! Mwacheni! Dada Sitara kafukiwa! Twaha ndiye kamfukia!"

Severa.

Mbao zikanyamaza.

"Kafukiwa wapi?"

"Sijui, yamehama yote wakati wanapigana..."

"Nipisheni," Marcelino akasema, kama mtu aliyejaza karanga mdomoni. Baadaye niliambiwa jino lilikuwa limeng'oka na taya limehama. Pii pii pii piiii... "Hapa. Nusu mita." Akapenyeza ile fimbo kati ya mabelo, ikanichoma pajani.

Nikaguna.

"Yu hai!"

Wakanifukua. Mwanga uliponigonga usoni nikamwona Twaha kasimama kwenye kona ya ndani, sikio limening'inia, na watu wote wamegeuka kumtazama. Mlangoni hakupitiki. Akaparamia mabelo yaliyobaki ili atokee dirisha la juu.

Mabelo yale hayakuwa na gogo tena.

Yakamwangukia yote.

"Mwacheni humo humo!" mmoja akasema. Wengine wakaitikia. Nami nawaambia ukweli, kwa muda kidogo nilinyamaza. Nilitaka waitikie zaidi.

Kisha nikasema, "Mfukueni."

Marcelino akaelekeza kifaa. Kikanililia mimi tu. Akakigeuza huku na kule.

"Hana cha kutuma, sista. Sijui nitamtafutia wapi."

Kengele ya ng'ombe ilikuwa kifuani kwangu.

Wakachimba upande wa dirisha. Kumbe aliteleza akaangukia upande wa ukuta. Walipomfikia, alikuwa ameshakata roho.

Nilipotoka hospitali, mbavu zimefungwa, nikaenda kumwona Severa mahabusu. Nilikuwa nimejiandaa kumtemea mate usoni.

"Ulijua?"

"Aliniambia jana yake, dada. Alisema kesho mabelo yatakuangukia, itaonekana ajali."

"Na ukaniacha niingie stoo?!"

Akaanza kulia.

"Nilimsikia Marcelino anasema kile kifaa kinamtafuta mtu hata akifukiwa. Ndiyo maana nilikufunga. Ndiyo maana nilikaza, nikakwambia usikivue..."

Mate yakanikauka mdomoni. Nilimtazama yule mwanamke na tumbo lake.

"Na mdomo je, Severa? Mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Nilimwogopa."

"Na belo la mwisho?"

Akamwita askari amrudishe ndani.

Ndugu zangu mnaosoma, Marcelino yuko kwenye theluji yake sasa, taya limepona, ananitumia picha amevaa filimbi shingoni. Alichonifundisha nakirudia kwenu: kitakachokuokoa kivae mwilini, usikiweke mbali nawe. Na ukijua mwenzako anapangiwa ubaya, mwambie kwa mdomo, umtazame machoni. Usimfunge mkanda ukamwombea bahati.

Wiki ijayo naitwa mahakamani. Wakili wa Severa ananibembeleza niseme kwamba yeye ndiye aliyenivalisha kifaa, kwamba bila yeye leo ningekuwa kaburini.

Nitasema, maana ni kweli.

Na nikimaliza kusema hilo, nitasema na la belo.