Mstari wa Jémima Mlangoni

Kila siku ya Mwaka Mpya, Viviane aliwapima binti zake wawili kwenye mlango wa jikoni, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu huko ughaibuni, mtaa wa Etterbeek. Mtoto alivua viatu, akasimama wima. Mama aliweka kitabu juu ya kichwa chake, akachora mstari kwa penseli.

Mwaka huo mstari wa Jémima uliangukia palepale penye mstari wake wa mwaka uliopita. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake Anaïs, mwenye miaka tisa, alikuwa amempita kwa sentimita mbili. Kanisani, watoto wa kwaya walipangwa kwa urefu, na Jémima alisimama mbele kabisa na watoto wa miaka sita.

Kina mama wa kanisa walisema amerithi ufupi wa bibi yake wa Uvira. Lakini Jémima alikuwa amesikia baridi hata katika joto la mwezi wa sita uliopita. Ngozi yake ilikuwa kavu. Darasani alisinzia. Mwezi wa pili Viviane akaamua kumpeleka hospitali, kule Woluwe.

Daktari alimtoa damu, akapiga picha ya mifupa ya mkono wake wa kushoto. Alieleza kwamba shingoni kuna tezi ndogo iitwayo thairoidi. Inatengeneza homoni zinazosaidia mwili kupata joto na nguvu, na mifupa ya mtoto kukua. Tezi ya Jémima ilikuwa imechoka. Mifupa ya mkono wake ilikuwa kama ya mtoto wa miaka saba. Akampa kidonge kidogo cha homoni, cha kumeza kila asubuhi kabla ya kula.

Miezi mitatu ilipita. Damu ilipopimwa tena, karibu hakuna kilichobadilika. Daktari aliuliza kama mtoto anapata dawa kila siku. Viviane alijibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Daktari akasema wakirudi Jumatatu huenda akaongeza dawa.

Jumamosi asubuhi jirani yao Kasoki aligonga mlango. Kasoki ni mtu wa Butembo, na anafanya kazi ya kutunza wagonjwa.

"Maman Viviane, nimekuja kuokoa sufuria yangu. Iko kwako tangu Pasaka."

Viviane alicheka, huku akiendelea kuponda kidonge kwa kijiko. Kasoki, aliyejua habari zote za ile tezi, aliisahau sufuria yake.

"Ile dawa unaitia wapi?"

"Mu bouillie, uji yake ya asubui. Utapatisha mutoto dawa na tumbo wazi? Kwetu Bukavu hakuna muntu anafanya vile."

"Bouillie ya nini?"

"Ya soja, mahindi na mtama. Ile ya maduka ya Matonge. Inapatia batoto nguvu."

Kasoki alivuta kiti, akakaa.

"Bouillie iko muzuri. Lakini soja inashika ile dawa mu tumbo, maziwa pia. Haifike yote mu damu. Donc basi, tangu mwezi wa pili unatunza bouillie, hapana mutoto. Na bouillie haina tezi, maman."

Anaïs aliangua kicheko. Viviane aliweka kijiko chini. Jémima alikuwa amesimama pembeni, na Kasoki akamshika mkono.

"Mifupa yako inarefuka huku kwenye ncha. Kuko sehemu laini, tunaiita gegedu. Homoni njo inaiambia ikue, kisha igeuke mfupa mugumu. Kama homoni ni kidogo, gegedu inangoja."

"Inangoja mpaka lini?" Jémima aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa bakubwa imekwisha kufunga. Yako ingali wazi. Picha ya mukono ilionyesha."

Kasoki akawaeleza la kufanya. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, saa nzima kabla ya kula. Uji wa soya usubiri jioni. Viviane aliogopa kumwambia daktari. Kasoki alisema ni lazima, maana dawa ikiongezwa bila sababu inaweza kumdhuru mtoto.

Jumatatu Viviane alieleza yote. Daktari hakumkaripia, alimshukuru. Aliacha dawa kama ilivyokuwa.

Baada ya wiki sita damu ilikuwa nzuri. Jémima aliacha kusinzia. Mwezi wa nane viatu vilimbana. Mwezi wa kumi suruali ilimwacha vifundo vya miguu nje, na mwalimu wa kwaya akamsogeza safu mbili nyuma.

Siku ya Mwaka Mpya, kabla Viviane hajamaliza kupika, Jémima alikuwa tayari mlangoni bila viatu.

"Maman, penseli iko wapi?"

Alikuwa ameongezeka sentimita nane. Mstari wake ulipita kidogo mstari mpya wa Anaïs.

"Ni misuko hiyo, si urefu," Anaïs alilalamika.

Viviane akakandamiza kitabu mpaka misuko ikalala. Akapima tena. Kasoki, aliyekuja na sufuria yake imejaa pondu, mboga ya majani ya muhogo, alikuwa shahidi. Mstari uliangukia palepale.

Jémima alichukua penseli, akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa.