Simu ya Spika

Kila asubuhi nyumba ile ilianza siku kwa kubahatisha, na hakuna aliyecheka.

"Mmh! Mmh!" baba aliguna kitandani.

"Maji?" mama akauliza. Baba akatikisa kichwa. "Njaa? Mto? Shuka?" Kichwa kinakataa tu, jasho linamtoka. Mama akamfunua. Kumbe mguu umejikunja chini ya mwenzake, umekufa ganzi!

"Pole, Baba Kitinda. Pole, mume wangu."

Na huyu ndiye aliyekuwa akinadi nguo sokoni, soko zima linamsikia, mpaka wakamwita Spika. Kiharusi kilimlegeza upande mmoja wa mwili. Maneno nayo kikaondoka nayo yote.

Mama naye kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, na ruhusa aliyopewa ya kumuuguza mumewe ilikuwa inakwisha. Msimamizi alishamwambia, "Usipokuja Jumatatu, usije tena." Spika atabaki na nani? Bibi jirani alikubali kushinda uani, akiitwa aingie. Lakini ataitwaje? Mguno haupiti ukutani.

Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa anasomea kompyuta. Akasema, "Mama, namtengenezea baba programu ya simu. Anagusa picha, simu inasema kwa sauti."

"Itawahi Jumatatu?"

"Kompyuta isiponiangusha."

Kompyuta yenyewe kuukuu, betri imekufa, inaishi kwa waya. Jumamosi ilishinda inanguruma kama mashine ya kusaga. Kioo kimeganda. Mama akaigusa. Moto! Akaona hii sasa inaungua. Akachomoa waya, ipumzike kidogo. Ikazima, pu!

"Mama wee! Umefanya nini? Kazi yangu yote ya tangu asubuhi!"

"Ningeiacha ituchomee nyumba?"

"Sasa Jumatatu baba atasema na nini?"



Kelele zikamleta Dada Miwani, jirani wa mlango wa pili. Huyu kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Tableti iko kwapani, ndiyo kawaida yake.

"Mnauana humu?"

"Bado kidogo," mama akasema.

Dada Miwani akasikiliza, kisha akamgeukia Kitinda. "Umeweka simu ya kuigiza ndani ya kompyuta hii?"

"Si ndiyo ya kujaribia, dada?"

"Inakula nguvu hiyo! Mama, hebu sikia. Kompyuta yenu nguvu zake ndogo. Huyu kaipa iandike, iunganishe vipande viwe programu, halafu ijifanye simu nzima. Ni kama ubebe ndoo kichwani, mtoto mgongoni, halafu uambiwe ruka kamba."

"Ndiyo maana ilikuwa inahema!"

"Ndiyo maana. Sasa Kitinda, shika tableti yangu. Hata mimi kazi zangu naandikia humu. Kifaa kidogo kiachie kuandika tu. Ukimaliza kipande, kihifadhi mtandaoni, hata waya ukichomolewa kazi ipo."

"Nimesikia, jamani," mama akasema.

"Kuunganisha vipande viwe programu, iachie kompyuta kubwa ya hukohuko mtandaoni. Na kujaribu, jaribu kwenye simu ya baba mwenyewe."

Kitinda akaanza upya. Jumapili mchana programu ikaingia kwenye simu ya Spika. Wote wakamzunguka. Akanyoosha kidole. Mkono ukatetemeka.

"Njaa! Maji! Njaa! Shuka!" simu ikaropoka.

Spika akaisukuma, ikaanguka. Akageukia ukutani. Mama akaiokota. Kesho ndiyo Jumatatu.

"Kwenye kompyuta ilikuwa inakubali," Kitinda akasema, machozi yanamlengalenga.

"Kule ulikuwa unaigusa wewe," Dada Miwani akasema. "Mkono huu ilikuwa haijaujua. Usilie. Muulize mwenye mkono."

Kitinda akakaa kitandani na tableti. "Baba, picha ziwe kubwa hivi? Ziwe chache? Na simu isiseme mpaka ushikilie kidogo?"

Polepole, Spika akageuka. Kichwa kikakubali.

"Mama, tupishe," Kitinda akasema baadaye. "Tuna siri yetu."

Jumatatu ikafika. Mama keshajifunga kitambaa, yuko mlangoni, hatoki.

"MGUU!" simu ikapiga kelele kwa sauti ya Kitinda.

Mama akarudi mbio, akafunua shuka. Kweli mguu! Akaunyoosha. Leo hakubahatisha.

"Nimesikia!" bibi akaita kutoka uani. "Niingie?"

"Nimeshamweka sawa, bibi!"

Lakini mama bado kasimama, anamtazama mumewe. Spika akashikilia picha ya mlango.

"Haya mama, haya mama!" simu ikanadi, sauti ni ya Kitinda, mbwembwe ni zilezile za Spika sokoni. "Mlango huo, toka nao! Kazi haingoji! Haya mama!"

Mama akacheka mpaka kitambaa kikafunguka. "Umerudi na kelele zako, wewe mwanaume!"

Akatoka. Hata alipofika kwenye kona, bado Spika alikuwa anamnadia.