Jicho la Nyota ya Askari

Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, Selipher alipiga ukelele uliosikika hadi dukani chini. Kufuli la kisanduku chake cha bati lilikuwa limevunjwa, na pasipoti yenye viza ya kutoka haikuwemo. Ndege yake ilikuwa ya saa tisa alasiri, na viza ilikuwa inakwisha siku hiyo hiyo. Sakafuni palilala beji ndogo ya shaba: nyota ya pembe tano, katikati jicho, chini yake mikono miwili iliyoshikana.

Rafiki yake Rispah alifika mtaa huo wa Ghulail saa nne kasorobo kwa teksi kutoka Al-Safa, alikokuwa mfanyakazi wa ndani. Ijumaa ndiyo siku pekee madam wake humpa ruhusa. Kabla ya kuja Jeddah alikuwa koplo wa upelelezi Nakuru kwa miaka tisa, na ukoplo haukumtoka kwa kupiga deki nyumba za watu.

"Nani waliingia humu?" aliuliza.

"Hawa wawili tu. Jackton aliniletea karatasi za ubalozi jana kutoka Riyadh. Leo saa mbili akaja na Wesley kunisaidia na mizigo. Wakawa wanapanda na kushuka, mimi nikaenda kuoga."

Jackton na Wesley, madereva wanaoishi chumba kimoja, walisimama ukutani. Kila mmoja alikiri kwamba alibaki chumbani peke yake kwa dakika chache.

"Nyota hiyo ni ya Jackton," Wesley alisema. "Ni ya ule undugu wao wa mapolisi. Halas, kesi imeisha. Na wewe Selipher, pengine Mungu anakuambia uachane na mambo ya kushtaki wakala."

"Siachani nayo!" Selipher alifoka. Alikuwa ameapa kwamba atatoka uwanja wa ndege Nairobi moja kwa moja hadi kituo cha polisi, amtaje wakala aliyemwuza kwa mwajiri aliyemchoma kwa pasi ya moto. Akamgeukia Jackton. "Mzee, hata wewe?"

Jackton, polisi mstaafu, alikunja mikono. "Si yangu. Yangu ninayo."

"Itoe basi tuione," alisema Wesley.

"Sipekuliwi. Nimepekua watu miaka ishirini na mbili, najua anayepekuliwa keshahukumiwa."

Ukaidi huo ulimponza. Selipher alimtazama kwa chuki, na hata Rispah alikereka. Aliipeleka nyota dirishani, akaitazama kwa muda.

"Afande, yako huivaa wapi?"

"Ndani ya shati. Uso unaelekea kifuani, kama inavyompasa mstaafu."

Rispah akampa Wesley ile beji. "Wewe unalala naye chumba kimoja. Itazame vizuri, tusimwonee mtu. Una hakika ni hii?"

Wesley aliigeuza mkononi. Alikuwa na hamu kubwa ya kusaidia. "Ni hii hii. Ila jicho lilikuwa limekwaruzwa vibaya. Naona amelitengeneza."

"Amelitengeneza," Rispah alirudia polepole. "Sikia, Wesley. Nami niliapishwa katika undugu huo. Mikono hii ni ya askari na mwananchi. Jicho ni la serikali inayotazama kupitia kwetu. Siku ya kustaafu, wenzako hulikwaruza kwa msumari mpaka lipofuke, maana hutazami tena kwa niaba ya mtu. Unabaki na mikono tu, ya kusaidia. Hakuna mstaafu anayelitengeneza jicho hilo, hata kwa dawa. Aliyechonga nakala hii aliambiwa mikwaruzo ni uchakavu, akaisahihisha. Sasa niambie, uso wa nyota iliyolala kifuani kwa mtu uliuonea wapi?"

Jackton alifungua vifungo, akaitoa yake. Jicho lilikuwa mikwaruzo mitupu.

"Huivua nikienda kuoga tu," alisema. "Kumbe ukaipiga picha!"

Rispah alisimama mlangoni, akamnyooshea Wesley mkono. "Ufunguo wa gari. Kupanda na kushuka kwako kuliishia huko."

Saa tano kamili Jackton alirudi na pasipoti. Ilikuwa chini ya zulia la gari la Wesley.

"Nilikukosea nini?" Selipher aliuliza.

"Yule wakala ni kaka yangu. Viza ingekwisha, ungebaki huku, ungenyamaza." Wesley akainua kichwa kwa jeuri. "Na hata ukienda, nani atakusikiliza? Mfanyakazi wa ndani aliyemtoroka kafili, mwajiri wake mdhamini!"

Selipher hakulia. Alikunja mikono ya blauzi, makovu ya pasi yakaonekana hadi kwenye viwiko, akaketi juu ya sanduku la safari na kuchukua kalamu.

"Nipe majina yote matatu ya kaka yako, vile yako kwa kitambulisho," alisema. "Sitaki kule kituoni washike mtu mwingine."