Kidonda Chini ya Kanga

Kila alasiri, akitoka shule, Goodness huvua sare, hubandika sufuria na kuchemsha majani ya dawa aliyochuma bibi yake, Theodosia. Maji yakiwa vuguvugu, humkanda bibi miguu. Mishipa yake imevimba na kujipinda chini ya ngozi, na ikifika jioni miguu hujaa, ikawa mizito.

Huo ndio wakati wa hadithi.

"Miguu hii," bibi husema akifumba macho, "ilikuwa inatoka hapa Nyansurura na mzigo wa mtama kichwani, inafika sokoni Mugumu jua halijawa kali. Tulikuwa wasichana sita, tunaimba njia nzima. Wenzangu wote wameshatangulia."

Goodness naye hukumbuka alipokuwa darasa la kwanza, bibi akienda shambani kwa hatua ndefu, yeye akimkimbilia nyuma.

Kisha bibi akaanza kukataa kukandwa, akisema amechoka. Siku moja Goodness alipofunua kanga yake, aliona kidonda juu ya kifundo cha mguu, kimebandikwa majani yaliyopondwa. Kilitoa maji na harufu.

"Bibi, twende zahanati!"

"Hapana. Dada yangu alikwenda hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja. Usimwambie mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Siku tatu Goodness alikaa na siri hiyo. Darasani mwalimu alimwita mara mbili, hakuitika. Siku ya nne alikwenda moja kwa moja kwa nesi Saida, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa zahanati ya kijiji.

"Shikamoo, nesi. Bibi amenikataza kusema," alianza, machozi yakamtoka, kisha akaeleza kidonda na hofu ya bibi ya kukatwa mguu.

Jioni ileile nesi alifika na mkoba wake. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa jicho kali, kisha akageuza uso.

"Shikamoo, bibi," nesi alisema, akaketi mkekani. "Sikuja kukata mguu. Nimekuja kuutazama."

Alikiosha kidonda taratibu huku akieleza. "Mishipa hii imechoka kurudisha damu juu, ndiyo maana miguu inavimba. Maji ya majani yanakuburudisha, sikatai. Lakini majani yaliyopondwa usiyaweke kwenye kidonda, yanaingiza vijidudu. Kesho daktari akupime, ndipo tufunge bendeji ya kubana. Ukipumzika, inua miguu. Na utembee kidogo kila siku."

Bibi akakubali shingo upande. Kupona kulichukua miezi mitatu. Kila wiki jirani yao, Wangwe, alimpeleka bibi zahanati kwa pikipiki. Kidonda kikanywea, kikakauka, likabaki kovu.

Siku nesi aliposema kimepona, bibi alimkalisha Goodness karibu yake.

"Nilikununia wiki nzima," alisema. "Nisamehe. Nilikosea kukubebesha siri ile. Mjukuu wangu, mtu akiumwa na akakuomba unyamaze, usinyamaze. Mtafute mtu mzima mwenye ujuzi, umwambie. Ungenitii siku ile, leo ningekuwa kama dada yangu."

Goodness alimkumbatia, kisha akaenda kubandika sufuria ya majani.