Kilichomlemaza Wingu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku aliingia bandani na ndoo, fagio na kichuma chenye ncha iliyopinda. Wingu, farasi jike wa rangi ya kijivu, alimtambua kwa hatua zake tu na kumkoromea puani. Chiriku alizoa mavi, akafagia, kisha akainama kando ya bega la Wingu na kumgonga mguu kidogo.

"Lete."

Wingu alinyanyua mguu mwenyewe, kama mtu anayempa kinyozi kichwa. Kwa kile kichuma Chiriku alichokoa udongo na vijiwe vilivyonasa chini ya ukwato, mguu wa kwanza hadi wa nne, huku akimpa habari zote za shule: nani kafeli hesabu, nani kanuniana na nani. Jina la Chiriku alibandikwa na baba yake, maana tangu ajue kusema hakuwahi kupumzika.

Tangu mama afariki, nyumbani walibaki watatu: baba, binti na farasi. Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo. Wingu alivuta mkokoteni wa matofali, saruji na magunia ya viazi, na kwa miguu yake minne wote watatu walikula.

Chakula cha Wingu kilikuwa majani makavu, pamoja na mahindi yaliyoparazwa, makopo mawili kwa siku. Mahindi yalikaa stoo, iliyopakana na banda, na mlango wake, uliofungukia bandani, ulikuwa na komeo la chuma. Mwaka ule Chiriku alikuwa amesahau komeo hilo mara mbili. Mara zote mbili baba aliwahi kuliona. Ile ya pili, alimwinulia kidole.

"Ukisahau tena, kazi ya banda nampa binamu yako. Na wewe farasi humgusi. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Hakuna adhabu iliyoweza kumuuma Chiriku kuliko hiyo.

Ijumaa moja, Wingu alibadilishwa viatu vya chuma kwa fundi wa kwato, na Jumamosi akapumzishwa. Baba alienda kwenye ujenzi kubeba zege. Mchana Chiriku alichota makopo mawili, akamwekea Wingu, na kabla hajaweka kopo chini akasikia wenzake wakimwita nje. Walikuwa wanaruka kamba, na walikuwa pungufu mtu mmoja. Akatoka mbio.

Aliporudi, jua lilikuwa limeshaelemea upande. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Wingu alikuwa amesimama ndani, kichwa kimezama kwenye gunia mpaka machoni, anatafuna bila haraka. Gunia lililokuwa limejaa asubuhi lilibaki nusu.

Chiriku alimvuta Wingu nje, akafunga komeo, akafagia chenga zote. Kisha akasimama akiliangalia lile gunia lililonywea. Baba akiliona, basi. Chiriku akayamwaga mahindi yaliyobaki, akashindilia majani makavu chini, akayarudisha mahindi juu. Ungeliangalia gunia lile, ungeapa halijaguswa na mtu.

"Hutaniponza, eti?" alimnong'oneza Wingu. "Tumbo likikuuma, litapoa."

Jumapili Wingu hakugusa majani. Mavi yake yalikuwa laini mno, kama uji. Chiriku aliyamwagia maji na kuyasukumia mtaroni kabla baba hajapita. Baba alipouliza, "Kala huyu?" alijibu, "Kala." Lilikuwa neno fupi, na lilitoka bila shida.

Jumatatu asubuhi Wingu hakukoroma.

Alikuwa amesimama katikati ya banda, miguu ya mbele ameinyoosha mbali mbele, ya nyuma ameiingiza chini ya tumbo, kama mtu anayeogopa kukanyaga makaa. Jasho lilimtiririka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Chiriku alipomgonga mguu, Wingu alitetemeka mwili mzima na hakuunyanyua. Chiriku akaweka kiganja kwenye ukwato. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoteremshwa jikoni punde.

Baba alikuja, akamvuta kwa kamba. Wingu alipiga hatua moja, akachechemea, akagoma.

"Ni misumari!" baba alifoka. "Yule fundi kamgonga misumari mpaka kwenye nyama! Ijumaa alikuwa mzima, leo huyu hapa!"

Fundi wa kwato alifika haraka, na aproni yake ya ngozi kiunoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Hakujitetea. Alivua viatu vyote viwili vya mbele, akakagua kila mahali msumari ulipopita, akabana kwato kwa koleo pole pole, huku na huku. Hakukuwa na usaha, wala damu, wala tundu lililofika kwenye nyama.

"Msumari ukigusa nyama, mguu unaouma ni mmoja, tena mahali pamoja," alisema. "Huyu anaumwa miguu yote miwili ya mbele. Hili halikutoka kwenye nyundo yangu." Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, wewe ndiye unayemlisha. Juzi na jana alikula chakula kile kile? Kipimo kile kile?"

Baba alikuwa amesimama pale pale. Chiriku alimtupia jicho.

"Kile kile."

Fundi alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Baba akaingilia kati.

"Sasa unamtwisha mtoto kosa lako? Toka bandani kwangu!"

Fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Baba aliamini kwamba misumari ikishatolewa, kilichobaki ni kumzoesha Wingu kutembea ili damu izunguke. Asubuhi na jioni alimkokota kuzunguka ua. Wingu alitembea kwa hatua fupi fupi, masikio yamelala nyuma, meno yakisagana. Kila alipokanyaga, Chiriku alifumba macho. Mara kadhaa maneno yalimpanda hadi kooni. Kisha alimfikiria binamu yake akiingia bandani na ndoo, na maneno yakashuka tena.

Alipungua maneno hata nje ya banda. Shuleni mwalimu alimuuliza kama anaumwa.

Huko kituoni, mahali wachukuzi wanapopakia mizigo, baba alikuwa amesema mengi juu ya fundi. Jumatano Chiriku alipita hapo akitoka shule. Kwa kawaida mbele ya karakana ya fundi kulikuwa na foleni ya farasi na punda, moto unavuma, nyundo inalia. Siku hiyo moto ulikuwa umezimwa. Fundi alikaa peke yake kwenye kigoda, akisugua na kusugua koleo lililokuwa safi tayari. Wachukuzi watatu walipita na wanyama wao, wakatazama pembeni.

"Shikamoo, fundi," Chiriku alisema, kwa kuwa hakuwa na pa kujificha.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Alisema "mgonjwa wetu". Chiriku aligeuka. Alikimbia mpaka nyumbani.

Alhamisi Wingu alilala chini na hakuweza kuinuka. Baba alijaribu kumwinua kwa kamba, akajaribu kwa maneno matamu, akajaribu kwa kufoka, kisha akakaa chini kando yake na kushika kichwa. Mchana akaenda kumwita daktari wa mifugo. Akamwita na fundi pia, ili daktari aseme mbele yake ni nani aliyemharibia farasi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya mpira na mikono ya shati iliyokunjwa. Alipiga magoti kwenye majani, akaweka vidole nyuma ya kifundo, akasikiliza mapigo ya damu. Kisha akasafisha wayo wa ukwato na kuuangalia kwa muda mrefu. Mbele ya ile sehemu laini ya katikati, wayo ulikuwa umevimba na kupasuka kama mwezi mwembamba, na damu ilikuwa ikichuruzika.

"Si misumari," alisema. "Fundi hana kosa. Huyu amekula kitu. Nafaka nyingi, kwa mkupuo mmoja."

"Haiwezekani," baba alisema. "Makopo mawili kwa siku. Njoo uone gunia, limejaa!"

Daktari alimfuata stoo, fundi na Chiriku nyuma yao. Alilitazama gunia, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimeshika majani makavu.

Baba aliyatazama yale majani kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Ni mimi," Chiriku alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno hata akalazimika kurudia. "Ni mimi. Jumamosi sikufunga komeo. Nilimkuta kala nusu gunia. Nikalijaza majani. Jumapili hakula, na mavi yalikuwa kama uji, nikayaosha. Fundi aliniuliza, nikamdanganya."

Fundi alitazama mikono yake.

"Daktari," Chiriku alisema, "sasa si unajua? Si utampa dawa?"

Daktari alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, naye akachuchumaa mbele yake.

"Nitakwambia ukweli, kwa sababu na wewe umeusema. Ndani ya ukwato mna nyama laini inayoushikilia mfupa. Farasi akila nafaka nyingi, tumbo linachafuka, sumu inaingia kwenye damu, nyama ile inavimba. Lakini ukwato ni mgumu, hautanuki. Ni kama kidole kilichobanwa mlangoni, na mlango haufunguliwi. Jumamosi ile ile ningempa dawa ya tumbo. Tungemsimamisha kwenye maji ya baridi sana, siku mbili, tatu. Tusingemtembeza hata hatua moja. Labda angepona, labda asingepona. Lakini angekuwa na nafasi. Sasa mfupa umeachia. Umeshuka mpaka unatoboa wayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kilichobaki ni kumwondolea maumivu. Sindano moja. Atalala, hataamka."

Baba alisema Chiriku aende kwa jirani. Chiriku alikataa. Alikaa kwenye majani, akaweka kichwa cha Wingu mapajani, akamsafisha vumbi machoni kwa kona ya sare yake. Alimsimulia habari za shule, zile za wiki nzima alizokuwa hajamwambia, mpaka daktari alipomgusa bega na kusema kwamba imetosha, Wingu hasikii tena.

Siku iliyofuata baba hakusema naye ila maneno ya lazima. Jioni alimwambia: "Kesho asubuhi tunaenda kituoni. Mimi nina la kusema. Wewe pia unalo."

Jumamosi kituo kilikuwa kimejaa. Baba alisimama mbele ya karakana iliyopoa, fundi akiwa kwenye kigoda chake, na kupiga makofi mpaka watu wakageuka.

"Nilisema fundi huyu kamlemaza farasi wangu," alisema. "Nilisema bila kujua. Nilikosea, na namwomba radhi mbele yenu."

Kisha akamshika Chiriku begani. Chiriku alieleza yote: komeo, gunia, majani, mavi, na lile neno "kile kile". Hakuruka kitu. Alipomaliza, punda mmoja alitikisa masikio.

Ndipo mchukuzi mmoja mnene, ambaye watu walimwita Pipa, akajikohoza.

"Mimi... punda wangu anachechemea tangu juzi," alisema. "Nilisema ni viatu vya fundi. Kusema kweli, nilimpitisha kwenye vigae vya chupa kule jalalani, nifupishe njia. Niliona aibu."

"Mlete," fundi alisema. "Mlete sasa hivi, kabla kidonda hakijaoza."

Akawasha moto. Alimkagua punda, akachomoa kipande cha kigae, akaosha kidonda na kukifunga. Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, na wanyama wao. Chiriku alimsubiri fundi mpaka aliponyoosha mgongo.

"Nisamehe, fundi."

Fundi alijifuta mikono kwenye aproni.

"Nimekusamehe. Lakini sitakudanganya, bado inauma. Nilikaa siku nne hapa, watu wakinipita kama kinyaa, nikijiuliza kama kweli mkono wangu ulikosea. Hilo litachukua muda kutoka." Akamtazama usoni. "Wewe kusahau komeo, mimi nakuelewa. Hata mimi nimewahi kusahau mambo makubwa kuliko hilo. Mnyama hana namna ya kutuambia alichokula wala alichokanyaga. Anachechemea tu, anatutazama. Anategemea yule aliyeona aseme. Na aliyeona ulikuwa wewe."

Chiriku alilia, safari hii bila kujificha. Baba alichuchumaa mbele yake pale pale, katikati ya watu na wanyama.

"Na mimi lipo langu," alisema. "Nilikutisha mpaka ukaona heri uongo kuliko mimi. Nikamlaumu mtu kabla sijajua, na nikamkokota mgonjwa kwa kiburi changu. Siku nyingine ukikosea, nikimbilie saa ile ile. Nitakasirika, pengine nitafoka mpaka majirani wasikie. Nifoke tu, wewe endelea kusema mpaka umalize. Kosa likisemwa mapema, mara nyingi linatibika. Hili letu tulilifukia chini ya gunia siku tano, na Wingu ndiye aliyeumia kila saa ya siku hizo."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Jifute machozi. Daktari anataka tumweleze upya kila kitu tangu Jumamosi, aandike, ili awafundishe na wengine. Utamweleza wewe."

Wakaondoka pamoja, na njia nzima Chiriku alikuwa akizipanga zile siku kichwani, moja moja, asije akasahau hata moja.